Mtoto mpweke katika nyumba isiyokosa kitu

Watu wazima wanaokuja kwangu kuzungumzia utoto wao, wengi huanza kwa kujitetea: "Lakini sisi hatukukosa kitu." Ada ililipwa mapema, friji lilijaa, basi la shule lilipiga honi getini kila asubuhi. Wakishasema hivyo hunyamaza, kana kwamba wamepoteza haki ya kuendelea. Mimi ni mshauri nasaha hapa Dar es Salaam, na nataka niseme waziwazi: haki hiyo wanayo.

Mwaka 1998, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti kuhusu madhila ya utotoni uliofanyika San Diego, Marekani. Waliojibu maswali hawakuwa watu wa dhiki. Wengi walikuwa wamesoma na wana bima ya afya. Hata hivyo, zaidi ya nusu walitaja angalau dhila moja: mzazi mlevi, mama anayepigwa, ndugu wa nyumbani mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kadiri madhila yalivyoongezeka, ndivyo sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo yalivyoongezeka ukubwani. Awamu iliyofuata iliongeza maswali kuhusu kutelekezwa kihisia, yaani mtoto kulishwa na kuvishwa huku hakuna anayemwuliza lolote la moyoni.

Kutelekezwa huko hakuachi alama mwilini. Mwanasaikolojia Edward Tronick alionyesha hali hiyo katika miaka ya 1970 kwa jaribio la dakika chache tu: mama aliyekuwa akicheza na kichanga wake anaambiwa akaze uso, asijibu chochote. Mtoto hutabasamu, hunyoosha mikono, hupiga kelele. Akiona hajibiwi, hugeuza uso na kunywea. Jaribio lenyewe huisha, na mama hurudi kucheka naye. Kuna nyumba ambamo uso ule hukazwa miaka na miaka.

Ninachokisikia zaidi ni habari za mtoto tarishi. Baba na mama wamenuniana, hawasemeshani, lakini nyumba lazima iende. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." Mtoto wa miaka tisa anatoka jikoni, anapita korido hadi sebuleni. "Mwambie mama yako nilishakula huko." Anarudi, na njiani analainisha maneno: "Baba anashukuru, ameshiba." Hakuna aliyemfundisha. Anajua uzito wa kila neno, anajua kwa mlio wa mlango wa gari kama usiku utakuwa mzito, ila yeye mwenyewe hana wa kumtuma wala wa kumpelekea lake. Shuleni anasifiwa kuwa ni mtulivu, hana matatizo. Sifa hiyo humfunga mdomo zaidi, kwa sababu sasa utulivu ndicho kitu pekee anachopendewa.

Naamini pesa yenyewe ina sehemu yake hapa. Uswahilini, ugomvi ukizuka usiku, jirani hugonga mlango, na mtoto hupelekwa nyumba ya pili akala huko, akalala huko. Sisemi huko ni peponi. Wapo watoto wanaoteseka mbele ya macho ya watu. Lakini ukishajenga Goba au Mbezi, ukazungusha ukuta, umemwondolea mtoto mashahidi. Kisha anaambiwa mambo ya nyumbani hayatoki nje, na yeye hutii kweli.

Anayebaki ni dada wa kazi. Ndiye anayejua kwamba mtoto haogi kama kuna giza, ndiye anayesikilizishwa hadithi za shule huku akikuna nazi. Halafu siku moja mtoto anarudi kutoka shule, dada ameondoka. Amegombana na mama, au amepata kazi kwingine. Wiki inayofuata anakuja mwingine. Nimewasikiliza watu wenye familia zao wakilia kwa ajili ya dada aliyeondoka miaka thelathini iliyopita, ambaye hata jina la ukoo hawakulijua. Ule ulikuwa msiba, na nyumbani hakuna aliyewapa pole.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, dada akiondoka, mwambie mtoto kabla, mwache waagane, na akimlilia usimkemee. Ukigombana na mwenzako, peleka ujumbe wako mwenyewe, hata kwa simu kutoka chumba cha pili. Shangazi au mjomba mwenye nafasi, mchukue mtoto Jumamosi, na usimhoji. Kaa naye tu mpaka azungumze apendavyo. Mtoto aliye hatarini, au mtu mwenye wasiwasi naye, anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure, Tanzania na Kenya pia.

Na wewe uliyelelewa hivyo, ukienda kwa mshauri, usianze na friji lililojaa. Anza na jioni moja unayoikumbuka, na nani alikuwa chumba gani.