Tumbo moja, VVU vilevile: kwa nini mmoja huugua mapema

Bibi mmoja wa Kibirizi alikuja CTC, kliniki yetu ya wenye VVU, na wajukuu wawili, mmoja mgongoni, mwingine kashika upindo wa kitenge. Wote wamezaliwa na VVU. Mkubwa yuko darasa la pili na hajawahi kulazwa. Mdogo, hata kutambaa bado, alishaugua nimonia mara mbili. "Daktari," akaniuliza, "hawa si tumbo moja? Au huyu mkubwa ana damu ya O?"

Hilo la damu ya O tunaulizwa sana hapa Kigoma, basi nilimalize: kundi la damu si kinga ya VVU. Ila bibi hakukosea kuhisi kwamba kuna kitu cha kurithi.

Kitu hicho ni jeni ziitwazo HLA. Umemwona mama muuza dagaa anavyochota kiganja kimoja na kukiweka juu ya gunia ili mnunuzi ajue kilichomo? Chembe hai za mwili hufanya hivyohivyo: huchota vipande vya protini vya ndani, vikiwemo vya kirusi kilichojificha, na kuvionyesha nje. Askari wa kinga wakipita na kuona kipande kigeni, huiua chembe hiyo. HLA ndiyo kiganja chenyewe, na viganja havifanani. Kile cha aina ya B57 huonyesha sehemu ambayo kirusi hakiwezi kuibadilisha bila kujidhoofisha, ndiyo maana wenye nacho, kwa wastani, huchelewa kuugua. Baadhi ya aina za B35 ni kinyume chake.

Mtoto hupokea nusu ya jeni zake kwa mama na nusu kwa baba, lakini ndugu wawili si lazima wapate nusu zilezile. Hapo ndipo mambo ya watoto yanapokuwa magumu kuliko ya watu wazima. VVU vimeishi kwa mama miaka, vimeshajifunza kuzikwepa HLA zake. Mtoto aliyefanana naye mno anapokea mwizi anayeijua nyumba. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta watoto waliofanana zaidi na mama zao kwa HLA wakiambukizwa zaidi.

Hata jirani zetu sokwe wa Gombe wana kisa hicho. Wapo wenye SIV, ndugu wa VVU (si wao walioleta janga hili, chimbuko lake ni sokwe wa upande wa Kameruni). Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa hatari ya kufa kwa walioambukizwa ni mara 10 hadi 16 ya wenzao wa umri uleule. Baadaye ikaonekana kwamba wenye jeni fulani inayofanana na B57 hubeba virusi vichache.

Wengine wamesikia habari za jeni ya CCR5 iliyokatika, inayofunga mlango wa VVU. Ipo, lakini Ulaya. Waafrika karibu hawana.

Kliniki hatupimi jeni hizi, wala sioni haja, kwa sababu hazisemi huyu mtoto aliye mbele yangu ataugua lini. Tunachokijua ni hiki: bila dawa, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufariki kabla ya miaka 2. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kuanza ARV ndani ya wiki 12 za mwanzo hupunguza vifo kwa asilimia 76. Ndiyo maana tunamtoboa mtoto kisigino akiwa na wiki 4 hadi 6 na kukausha matone ya damu kwenye karatasi; kipimo cha kawaida cha kidole kabla ya miezi 18 kinaweza kusoma kingamwili za mama tu.

Yule mkubwa tulimpima. CD4 zake, yaani chembe za kinga ambazo VVU huzishambulia, nzuri; virusi vingi.

"Kwa hiyo naye anameza?" bibi akauliza.

"Naye anameza, bibi. Kuanzia leo."

Akafungua pindo la kitenge, akatoa kadi ya pili, ya yule mkubwa, ambayo alikuwa ameificha.