Pombe Umeacha, Sasa Umeshika Nini?

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa, Oktoba hivi, kliniki za afya ya akili huku Kusini mwa Tanzania hupokea familia za aina mbili. Aina ya kwanza tumeizoea: mtu alikaa miezi bila kunywa, fedha za mnada zikaingia, akarudi kilabuni. Aina ya pili ndiyo inayonifanya niandike, maana malalamiko yake yanaongezeka. Hawa, mtu wao pombe ameacha kweli. Hagusi gongo, hagusi uraka (pombe ya mabibo), akipita chini ya mikorosho yenye mabibo yaliyochacha anaongeza mwendo. Lakini nyumba haijatulia.

"Daktari, afadhali alipokuwa analewa, nilikuwa najua pa kumfuata," aliniambia mama mmoja aliyekuja na mumewe. (Nasimulia kwa idhini yao, na ya kuwatambulisha nimeyaondoa.) Mume alikuwa amekaa pembeni yake, msafi, shati limenyooshwa. Akanipa simu mwenyewe. Nikasoma miamala ya usiku mmoja: 500, 500, 1,000, 500, 2,000, kuanzia saa sita hadi karibu na adhana ya alfajiri, yote ya mikeka, yaani kubeti mechi. Katikati yake kulikuwa na jumbe za mkopo wa mtandaoni zikimtaka alipe kabla ya jioni. Na tangu Ramadhani hakuwa ameonja pombe hata tone.

Mtu wa namna hii mtaani anaambiwa ana roho ya kushika vitu, au kalogwa kwa mara ya pili. Wengine huzungumzia haiba yenye kuelekea uraibu. Naomba tuelewane hapa: hilo si jina la ugonjwa, na hakuna daktari atakayekuandikia hivyo kwenye kadi. Kinachojulikana ni kwamba baadhi yetu tuna mwelekeo mkubwa zaidi wa kunasa. Karibu nusu ya mwelekeo huo hutokana na urithi wa damu, inayobaki ni maisha: umri ulioanza kunywa, machungu uliyoyapitia utotoni, watu unaokaa nao, hali ya akili yako. Mtoto wa mlevi hajaandikiwa ulevi. Yuko tu kwenye hatari kubwa kuliko jirani yake, na hilo ni jambo la kumwambia mapema, si la kumtukania.

Mwili ukizoea pombe kwa miaka, sehemu ya ubongo inayohusika na raha na kutamani hujipanga kuizunguka pombe hiyo. Ukiiondoa, ile hali ya kutafuta inabaki, na itaokota chochote kinacholeta msisimko wa haraka. Ndiyo maana orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu Januari 2022 imeweka uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Mwenye kubeti hadi alfajiri na mwenye kulewa hadi alfajiri wanatibiwa na idara moja.

Si kila mbadala ni wa kupigwa vita. Miezi ya mwanzo mtu hutaka sukari. Atakunywa soda, atakaa barazani na kahawa chungu na kashata tatu. Mwacheni. Kahawa ya usiku tu ndiyo aipunguze, kwa sababu usingizi wa aliyeacha pombe unaweza kusumbua kwa miezi, na kukosa usingizi ni mlango mmojawapo wa kurudia. Vinywaji vya kuongeza nguvu sivipendi kabisa kwa watu hawa. Sigara ikiongezeka ghafla, tuambieni.

Mbadala unaonitia wasiwasi zaidi ni ule unaosifiwa. Yuko mtu aliyeacha pombe akahamia shambani: anatoka alfajiri, anarudi giza, anapulizia mikorosho dawa ya salfa Jumapili na sikukuu, hali chakula na watoto wake, anagomba akiambiwa apumzike. Kijiji kizima kinamtolea mfano. Siku mvua ikimkalisha ndani anatetemeka kwa hasira, kisha anatoka kwenda "kuangalia watu". Kazi ni njema, lakini ukiona mtu hawezi kukaa na nafsi yake hata nusu saa, hajapona. Amepata pa kujificha. Kipimo tunachotumia ni rahisi: je, anaweza kuacha jambo hilo kwa wiki moja bila uongo, bila ugomvi na bila deni? Kama hawezi, tuite jambo hilo kwa jina lake na tulizungumze kliniki.

Kuna wanaohamia kwenye vidonge na bangi. Tramadol (ya maumivu) na diazepam (ya kutuliza) ni dawa za cheti cha daktari; kuzinunua kichochoroni ili "kutuliza mwili" ni kuanza uraibu mwingine ambao kuuacha huenda kukawa kugumu kuliko wa pombe. Kuhusu bangi, nimechoka kusikia kwamba ni majani tu na ya matumizi binafsi yanaruhusiwa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina kiwango cha bangi kinachoruhusiwa kwa starehe, na adhabu zake zinafika hadi kifungo cha miaka mingi. Na wale wanaotuomba methadone kwa ajili ya ulevi: methadone ni tiba ya waraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo. Haitibu pombe.

Lingine ni "dawa ya kuacha pombe" inayotiwa kwenye chai bila mhusika kujua. Tafadhali, msifanye hivyo. Hujui kilichomo, hujui ini lake likoje, na baadhi ya dawa zikikutana na pombe mwilini zinaweza kuua. Hata ile iliyo halali hutolewa kwa mtu anayejua anachomeza, amepimwa, amekubali. Ukimpa kwa siri umemwonjesha pia kwamba nyumbani hakuna wa kumwamini.

Uraka nao uzungumzwe. "Onja, hii si pombe, ni mabibo." Juisi ya mabibo haikai, iliyokamuliwa asubuhi jioni imekwishaanza kuchacha. Kwa aliyeacha, kikombe hicho ni pombe kama pombe nyingine, kiwe kimetolewa kwenye sherehe ya jando au na mjomba mwenye heshima zake. Mnaompa mnasema mnamkarimu. Mkarimuni kwa dafu.

Nirudi kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi zinapokosea utaratibu. Malipo ya korosho kupitia stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza mnadani, huingia kwa mkupuo, na kwa mtu mwenye mwelekeo huu mkupuo ni kishawishi peke yake. Watu wanakuja kutuomba tuandike barua ili AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) izuie malipo ya mume au ya kaka. Hatuna mamlaka hayo, na chama cha msingi hakina pia. Fedha ni za mwenye korosho. Kuweka mali ya mtu chini ya usimamizi wa mwingine kwa sababu ya ugonjwa wa akili ni jambo la mahakama, na aliyeacha pombe akaanza kubeti kwa kawaida hafikii huko. Vivyo hivyo kumlaza mtu bila ridhaa: kuna utaratibu wake katika Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, hauanzi kwa kamba wala kwa kumleta kwenye bodaboda akiwa amefungwa mikono.

Kinachowezekana ni makubaliano, na yafanyike kabla ya mnada wa kwanza, akiwa na akili tulivu. Wenza waende benki wote wawili wakiwa na vitambulisho vyao, waulize masharti ya akaunti ya pamoja inayotoa fedha kwa saini mbili. Ikishafunguliwa, mwenye korosho aende mwenyewe chama cha msingi kubadilisha namba ya akaunti, ahakikishe imeandikwa sawasawa. Ada za shule na deni la pembejeo zilipwe siku ileile fedha zinapoingia. Laini ya simu yenye huduma ya fedha akae nayo anayeaminika kwa kipindi mtakachokubaliana. Akaunti za kubeti aombe zifungwe, aziombee mwenyewe. Umri wa chini wa kucheza kamari kisheria ni miaka 18. Mkiona watoto kwenye mashine za kamari za dubwi mtaani kwenu, toeni taarifa serikali ya mtaa au polisi, msitusubiri sisi.

Huduma zipo. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uandikiwe rufaa. Hospitali za ngazi ya mkoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Asiye na uwezo wa kulipa apitie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa apate barua yenye muhuri, kisha aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kupanga foleni ya malipo, si baada yake. Watu hupoteza siku nzima kwa kukosa barua hiyo.

Siku ya kwanza njoo na dawa zote unazotumia, za hospitali na za kienyeji, pamoja na mtu mmoja wa nyumbani uliyemchagua wewe. Kama umeteleza ukanywa, njoo vilevile. Hatumrudishi mtu kwa sababu ananuka pombe. Ila aliyekuwa anakunywa kila siku kisha akakata ghafla, akaanza kutetemeka, kuona visivyoonekana au kuanguka kama mwenye kifafa ndani ya siku nne za mwanzo, huyo hana majini na asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe idara ya dharura usiku huohuo, na anayempeleka aseme wazi mara ya mwisho alikunywa lini na kiasi gani.