Mlima Lafayette wakati wa kupukutika kwa majani

Mwanzoni mwa Oktoba, katika milima ya White Mountains iliyoko jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, majani hayabadiliki rangi mlima mzima kwa siku moja. Mabadiliko huanzia juu penye baridi, kisha huteremka polepole hadi bondeni kwa muda wa majuma kadhaa. Kwa hiyo anayeanza kupanda asubuhi hukutana kwanza na miti ambayo ndiyo kwanza inageuka, halafu na ile iliyokolea rangi, halafu na ile iliyokwisha kupukutika, na huko kileleni huenda akakuta barafu. Kazi yangu ni misitu, nami huona ni rahisi zaidi kulieleza jambo hili njiani kuliko mezani. Safari hii niliyefuatana naye ni rafiki yangu wa siku nyingi, mzaliwa wa Tabora, ambaye hakuwa amewahi kuuona msitu wa nchi za baridi katika majira haya.

Tulichagua Mlima Lafayette, wenye urefu wa mita 1,600 hivi. Mzunguko wake una takriban kilomita 14: mtu hupandia njia iitwayo Falling Waters, hufuata mgongo wa mlima uitwao Franconia Ridge, kisha huteremkia Old Bridle Path. Ninashauri mzunguko huu ufanywe kwa mwelekeo huo na si kinyume chake, kwa kuwa njia ya Falling Waters hupita kando ya maporomoko ya maji, mawe yake hayakauki, na jani bichi lililolala juu ya jiwe lililolowa humtelezesha anayeshuka kuliko anayepanda.

Saa ya kwanza tulitembea chini ya miti ya mepli, ile ambayo jani lake limo katika bendera ya Kanada, ikiwa imechanganyika na miti ya betula na fagusi. Mwenzangu alisimama akatazama juu, akaniuliza, “Sasa ndugu yangu, huu ni ugonjwa au ni uzee?” Si ugonjwa, na uzee wenyewe ni wa mpango maalumu. Mchana unapopungua na usiku kuwa baridi, mti huanza kuivunjavunja klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua, na kurudisha nitrojeni ya majani kwenye matawi na mizizi ili itumike mwaka ujao. Rangi ya manjano, ambayo ni karotenoidi, ilikuwamo ndani ya jani tangu awali, na huonekana tu pale kijani kinapoondoka. Ndiyo maana betula huwa za manjano matupu. Wekundu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu rangi yake, iitwayo anthosiani, hutengenezwa upya, kutokana na sukari, katika jani ambalo liko karibu kuanguka.

Kwa nini mti ugharimie rangi mpya kwa jani unalotaka kulitupa? Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba rangi hiyo hulikinga jani dhidi ya mwanga mkali wakati mti ukiendelea kuokoa nitrojeni yake. Uhusiano wake na mwanga, kwa vyovyote vile, unaonekana kwa macho. Niliinamisha tawi la mepli ambalo jani moja lilikuwa limelifunika jingine: la juu lilikuwa jekundu lote, lakini tulipolisogeza kando, lile la chini lilikuwa na umbo kamili la mwenzake, lenye ncha zake zote, limechorwa kwa manjano katikati ya wekundu. Pale ambapo mwanga haukufika, wekundu haukutengenezwa. Mwenzangu alisema kwamba miombo ya kwao nayo huwa na wekundu katika miezi hii hii ya Septemba na Oktoba, na alisema kweli, isipokuwa kwamba ule ni wekundu wa majani machanga yanayochipua kabla ya mvua. Rangi ni ya kundi lile lile la anthosiani, ila huku hulisindikiza jani kongwe na kule hulipokea changa.

Juu zaidi, miti ya majani mapana ilipungua na njia ikaingia katika misitu ya jamii ya msonobari, ambayo haipukutiki. Hapo hakuna mengi ya kusimulia, ni mawe, mizizi na jasho. Kadiri tulivyopanda, miti ilizidi kudumaa hadi ikawa chini ya magoti, na tulipofika Little Haystack, kilele kidogo kwenye mgongo wa Franconia, tulijikuta tumetokea uwazini ghafla. Katika Kilimanjaro msitu hukoma kwenye mita 3,000 hivi. Hapa hukoma karibu na mita 1,400, kwa sababu ya umbali wetu kutoka ikweta na pia upepo na barafu vinavyokata kila chipukizi linalothubutu kuinuka.

Mgongo huo hauna kivuli wala kinga. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, lakini upepo ndio unaoumiza: nyuzi 0 katika upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisiwa mwilini kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Nguo ya pamba iliyolowa jasho haifai kabisa hapo. Kwenye mawe ya kilele tulikuta barafu nyeupe iliyoota kama manyoya, yote ikielekea upande mmoja. Matone ya ukungu huweza kupoa chini ya nyuzi 0 bila kuganda, lakini yakigusa jiwe huganda papo hapo, na kwa hiyo barafu hiyo hukua kuelekea kule upepo unakotoka.

Tuliyageuzia mawe hayo mgongo saa saba mchana, ingawa mwenzangu alitamani kukaa zaidi. Aliyezoea machweo yasiyobadilika sana ya Afrika Mashariki hupunjika kirahisi huku, ambako mwanzoni mwa Oktoba mchana hupungua kwa karibu dakika tatu kila siku. Jua lilikuwa lizame kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, lakini bonde lina milima upande wa magharibi, na giza la chini ya miti haliisubiri saa hiyo.

Karibu na mwisho wa mteremko mwenzangu aliona fagusi changa zilizokuwa na majani makavu ya hudhurungi yasiyotaka kuanguka, akauliza kama zilikufa. Ziko hai, na baadhi ya majani hayo hubaki hadi majira ya kuchipua. Wataalamu wana maelezo zaidi ya moja. Mimi naegemea lile lisemalo kwamba majani makavu yasiyo na ladha huyaficha machipukizi ili kulungu wasiyale wakati wa theluji, kwa kuwa huonekana hasa kwenye miti michanga na matawi ya chini, pale pale mdomo wa mnyama unapofika.