Kijana Anapokujibu Vibaya: Maswali ya Wazazi

Hadi Gredi ya 6 alikuwa mpole. Sasa nikimuuliza jambo ni "kwani?" na mlango kubamizwa. Kimebadilika nini?

Ubongo. Sehemu ya hisia huchangamka mapema, huku ile ya mbele, inayouzuia ulimi, ikiendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Ongeza usingizi: wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, ilhali wakati wa balehe homoni ya usingizi huchelewa kutoka. Anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi na moja awahi matatu ya shule mjini Nakuru amepata saa 6 tu. Akiingia jioni, mpe chakula kwanza. Habari za mtihani zingoje.

Akinifokea, nifanye nini papo hapo?

Sema kidogo, kwa sauti ya chini kuliko yake: "Naona umekasirika. Tutaongea tukimaliza kula." Kisha ondoka wewe. Usimfuate chumbani wala kudai akuombe msamaha saa hiyo. Mwili wenye hasira huchukua dakika 20 au zaidi kutulia, na kabla ya hapo hoja haziingii.

Wengi huharibu baadaye. Ama husahau yale mazungumzo, naye akajua kelele hufuta kosa, ama huyageuza mahubiri ya matokeo ya muhula uliopita na binamu anayefaulu. Shika jambo moja. Tenganisha hisia na maneno: "Kukasirika unaruhusiwa, kuniita mjinga, la." Muulize kilichomkera, halafu nyamaza hata kimya kikikusumbua. Vijana wengi hufunguka wakiwa na kazi mkononi, mkichambua sukuma wiki au mkitembea kwenda soko la Kibuye, kuliko wakikalishwa sebuleni kama washtakiwa.

Na kuguna, kukunja uso?

Pita. Ukigombana naye kwa kila guno, siku ya matusi hutakuwa na neno zito la kumwambia.

Nimnyang'anye simu?

Jioni moja, kwa kosa mlilokubaliana mapema. Ukiichukua likizo nzima ya Agosti, kufikia siku ya pili hana cha kupoteza. Kofi nalo humnyamazisha usiku huo tu, tena humfundisha kwamba mwenye nguvu ndiye hushinda; na yeye bado anarefuka.

Ni lini si ujana tu?

Hasira au huzuni ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, huku akiacha mpira au marafiki, akikosa usingizi, akikataa shule, au akificha alama za kujikata. Muulize wazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, fungia vidonge na dawa za shambani, na mpeleke siku hiyo hiyo hospitali iliyo karibu. Kisumu kuna ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na Nakuru ipo ya rufaa ya kaunti. Simu ya watoto, 116, hupigwa bure mchana na usiku, na mzazi pia anaweza kuipiga.