Kuapgredi hita plagi kwenye dizeli ya zamani ni kufanya nini hasa?

Fundi akikwambia gari yako inataka kuapgrediwa hita plagi usikimbilie dukani ukanunua plagi nne ukadhani umemaliza, maana plagi ni nusu ya kazi tu tena ile nusu rahisi. Kazi yenyewe ipo kwenye nyaya.

Twende taratibu. Dizeli haina plagi ya cheche kama petroli, mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa na pistoni. Sasa zile injini za zamani, 2L na 3L za Hilux, 1HZ ya Land Cruiser, ile 2.25 ya Land Rover, zinapuliza mafuta kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi na sio moja kwa moja juu ya pistoni, na kichumba kikiwa cha baridi kinanyonya lile joto kabla mafuta hayajashika. Hita plagi ndo inakipasha: ni kijiti cha chuma, umeme wa betri unapita, ncha inakuwa nyekundu, unapiga stata, inashika. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa Arusha, mita kama 1,400 juu na hewa nyepesi, utajua tu plagi zako zikoje, na ukilaza gari Karatu au kule juu ukingoni mwa Ngorongoro kwenye mita 2,200 na zaidi ndo utajua vizuri. Moshi mjini kuna joto, mtu anaweza kutembelea plagi zilizokufa muda mrefu tu hajui, anakuja kushtuka siku amelala na gari Arusha.

Land Rover Series 2 na 3 za dizeli, ambazo machalii wa huku bado wanazo na wanazipenda kuliko maelezo, plagi zake zimeungwa mfululizo, yaani umeme unaingia ya kwanza unatoka unaingia ya pili mpaka ya nne halafu unaenda bodi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme betri. Kila plagi inapata chini ya volti 2, nyingine inaliwa na risista, kile kifaa cha kupunguza umeme. Ikikatika moja zote zimezima, kama zile taa za Krismasi za zamani. Halafu ni za polepole, unashikilia swichi karibu nusu dakika, kukiwa na baridi hata zaidi. Kwa hiyo kuapgredi hapo ni kutoa hizo na kuweka plagi za volti 12 zilizoungwa sambamba, kila moja inachukua umeme wake kutoka kwenye waya mmoja mnene na kurudishia bodi kupitia silinda hedi. Ikifa moja tatu zinaendelea na kazi, na sekunde kama 10 zinatosha. Ila risista lazima itoke, na ule waya uliokuwa unatoka plagi ya mwisho kwenda bodi lazima utoke, ukiusahau umeunga betri moja kwa moja na bodi, hapo jiandae kwa moshi.

Sasa hesabu. Plagi ya volti 12 ina ukinzani wa kama om 0.8, yaani ampea 15. Nne ni ampea 60, Land Cruiser ya silinda sita ni 90. Huwezi kupitisha umeme wote huo kwenye swichi ya ufunguo na kiwaya cha taa, kitayeyuka. Unaweka rilei ya ampea 80 au zaidi, yaani swichi kubwa inayowashwa na umeme mdogo, ufunguo au kitufe kinaamsha rilei tu, waya wa milimita 10 za mraba unatoka betri kwenda rilei kwenda plagi, na fyuzi ya ampea 80 karibu kabisa na betri, sio mwisho wa waya. Hizo ni za silinda nne, sita unapandisha vyote. Mafundi wengi fyuzi wanairuka, sijui kwa nini, na ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapo.

Waya mwembamba hata usipoungua unakuibia joto. Betri ina 12, plagi inapata 10, utasema mbili tu zimepotea, lakini joto linaenda kwa mraba wa volti kwa hiyo umebaki na kama asilimia 70. Ndo maana mtu ananunua plagi mpya na gari bado inasumbua. Pima na mita pale kwenye kichwa cha plagi wakati inawaka, linganisha na betri. Na waya wa bodi kutoka injini kwenda chesisi usafishe, umeme unarudi kwa njia hiyo.

Kwenye Toyota kuna mtego mwingine. Baadhi zinatumia plagi za volti 6 kwenye gari ya volti 12, makusudi kabisa, rilei ya kwanza inazipiga umeme wote zipate moto haraka halafu ya pili inapitisha kwenye risista zisiungue. Ukiziunga moja kwa moja na betri ncha inavimba, inaweza kukatikia ndani ya injini na hapo unaongelea kufungua hedi. Soma volti iliyoandikwa kwenye plagi yenyewe. Na kile kitaa cha dashibodi kisikudanganye, kwenye gari nyingi kinahesabu muda tu, plagi zote zikiwa zimekufa bado kitawaka na kuzima kama kawaida.

Kujua iliyokufa toa ile pleti inayoziunga, pima om moja moja, nzima inasoma chini ya 1 hivi, iliyokatika haisomi kitu. Kutoa za zamani fanya injini ikiwa na uvuguvugu na mafuta ya kulainisha kutu, usitumie nguvu, zinakatika.

Moshi mweupe unaonuka dizeli asubuhi halafu unaisha injini ikipata moto, hapo shuku plagi. Ila kama inagoma hata saa nane mchana imetoka safari ikiwa ya moto, acha plagi, angalia stata, hewa kwenye laini ya mafuta, au kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kugandamiza hewa.