Mshindi wa zabuni ya treni za abiria anapewa nini hasa?

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2015, ilipotimu saa 8, karibu treni zote za abiria za ndani ya Uskoti zilibadili mwendeshaji, na aliyekuwa amelala hakujua. FirstGroup, iliyoziendesha tangu Oktoba 2004, ilitoka. Abellio, kampuni tanzu ya shirika la reli la serikali ya Uholanzi, ikaingia. Asubuhi abiria wa Glasgow alipanda behewa lilelile la buluu lenye msalaba mweupe ubavuni, akakatiwa tiketi na kondakta yuleyule. Saa 8 usiku huchaguliwa kwa makusudi: treni ya mwisho ya jana imeshalala, ya kwanza ya leo haijatoka, na hesabu za nauli zinaweza kufungwa bila safari kuangukia katikati ya kampuni mbili.

Watu wengi wakisikia kampuni imeshinda zabuni ya kuendesha treni za mkoa fulani hudhani imenunua reli. Haijanunua. Kule Uskoti njia ya reli, madaraja na taa za ishara ni za Network Rail. Treni zenyewe zilikuwa za kampuni za kukodisha, mtindo ulioanza mwaka 1994 shirika la British Rail lilipokuwa linavunjwa. Jina la ScotRail linalobebwa na treni hizo, na ile rangi ya buluu, ni mali ya serikali ya Uskoti, iliyoamua hivyo mwaka 2008 ili kila mkataba ukiisha isilipie kupaka rangi upya. Wafanyakazi huhamia kwa mwajiri mpya pamoja na masharti yao ya kazi, na sheria inalinda hilo. Basi mshindi anabaki na nini? Anabaki na haki ya kukusanya nauli na kupokea ruzuku kwa miaka iliyotajwa, na wajibu wa kutoa huduma iliyoandikwa kwenye mkataba. Mali yake ni chache na ahadi zake ni nyingi, na ndiyo sababu mikataba hii huvunjika upesi kuliko watu wanavyotarajia.

Kabla ya kutangaza mshindi

Kazi ya kwanza ya mamlaka ni kuamua inauza nini. Transport Scotland, wakala wa usafiri wa serikali ya Uskoti, ilianza kwa kuzitenga treni za usiku zenye vitanda ziendazo London, zikapewa mkataba wake peke yake uliochukuliwa na kampuni ya Serco. Treni ya vitanda ina wapishi, shuka za kufua na wateja wa aina nyingine kabisa. Ukiichanganya na treni za wafanyakazi wa asubuhi, gharama zake zinajificha humo.

Kisha hufuata mchujo. Novemba 2013 kampuni tano zilipitishwa: Abellio, Arriva, FirstGroup, MTR na National Express. Hizo ndizo zilizofunguliwa nyaraka: mapato ya tiketi njia kwa njia, idadi ya wafanyakazi na mishahara yao, deni la pensheni, kodi ya kila treni na tarehe ya kuirudisha, ada ya kutumia reli. Mwendeshaji wa zamani ndiye anayetoa takwimu hizi, naye pia ni mshindani, kwa hiyo mamlaka isiyozihakiki inampa mwenyeji faida ambayo hakuna atakayeiona.

Mamlaka huzipima zabuni kwa makundi mawili ya wataalamu wasioonana. Kundi moja linapima ubora: ratiba, wafanyakazi, usafi, namna ya kuhudumia walemavu. La pili linapima fedha, na swali lake kubwa si nani amedai ruzuku ndogo. Swali ni hili: mapato yakipungua chini ya aliyotabiri mzabuni, pengo litafidiwa na nani, na kwa fedha ipi iliyowekwa pembeni?

Hapo ndipo Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza iliteleza vibaya mwaka 2012. Agosti 15 iliipa FirstGroup njia kuu ya magharibi, kutoka London kwenda Glasgow. Virgin, aliyekuwa akiiendesha, akaenda mahakamani. Oktoba 3 wizara ikafuta uamuzi wake yenyewe. Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya dhamana, yaani fedha ambazo kampuni mama inaahidi kuzitia mambo yakiharibika. Kifaa cha hesabu kilitoa majibu ambayo hayakuwa yamewekewa mfumuko wa bei, na waliokuwa wakikisoma hawakulitambua hilo. Hasara kwa walipa kodi ilikadiriwa kuwa si chini ya pauni milioni 50, sehemu kubwa ikiwa ni kuwarudishia wazabuni gharama zao. Anayedharau jedwali la hesabu kwa sababu linachosha alikumbuke hili.

Uskoti yenyewe ilitangaza mshindi tarehe 8 Oktoba 2014, mkataba wa miaka 10 wenye mlango wa kutokea baada ya miaka 7. Baada ya tangazo huwepo siku kadhaa za kusubiri, kwa kawaida 10, ili walioshindwa wapate alama zao na waamue kama watapinga. Kisha ndipo sahihi. Kelele za kisiasa hazikukosekana, na moja ilikuwa ya haki: Sheria ya Reli ya 1993 ilizizuia kampuni za umma za Uingereza kuomba kazi hii, lakini haikumzuia Mholanzi ambaye kampuni yake ni ya umma vilevile.

Kati ya sahihi na treni ya kwanza

Uskoti ilimpa Abellio muda usiofika miezi 6. Kwa kuhamisha watu, mikataba ya kukodi treni, leseni, cheti cha usalama, bima na mashine za tiketi, miezi 6 inatosha ikiwa huduma itaendelea ilivyo. Haitoshi ikiwa mshindi ameahidi treni mpya na ratiba mpya.

Kinachochelewesha zaidi ni dereva. Kumfundisha mtu tangu mwanzo huchukua mwaka mmoja hivi, wakati mwingine zaidi. Akishafuzu bado hawezi kwenda popote. Lazima ajue kila njia atakayopita: ishara ziko wapi, mteremko uko wapi, mwendo unaruhusiwa kiasi gani penye kona. Na lazima afundishwe kila aina ya treni peke yake. Kila siku dereva anayokaa darasani ni siku ambayo hayuko kwenye ratiba, kwa hiyo kampuni inayoleta treni mpya inahitaji madereva wa ziada kabla treni hazijafika. Kule Ujerumani, katika eneo la Rhein-Ruhr, mamlaka ya usafiri ya eneo hilo, VRR, ilivunja mkataba wa njia za S1 na S4 Septemba 2019, miezi mitatu kabla ya kuanza, kwa sababu mwendeshaji mpya, Eurobahn, hakuwa na madereva wa kutosha. Aliyekuwepo aliombwa aendelee kwa mkataba wa dharura. Ulikuwa uamuzi mchungu, lakini ulikuwa sahihi, kwani kufuta mkataba Septemba ni nafuu kuliko kufuta treni Januari.

Linganisha na Ufaransa. Oktoba 2021 baraza la mkoa wa kusini liliipa kampuni ya Transdev njia ya Marseille, Toulon na Nice kwa miaka 10, na SNCF, shirika la reli la serikali, ikapoteza njia hiyo. Treni ya kwanza ya Transdev iliondoka tarehe 29 Juni 2025. Ni miezi 44. Katika muda huo zilitengenezwa treni 16 za aina ya Omneo, ikajengwa karakana Nice, na madereva wakafundishwa, ili safari za kila siku zipande kutoka 7 hadi 14 kwenda na kurudi. Abiria aliyeona miaka inapita bila treni alikuwa na haki ya kulalamika, lakini mhandisi yeyote angekuambia kwamba ratiba ya namna hiyo haiandaliwi kwa miezi 6.

Kioo cha mbele

Ahadi kubwa ya Abellio ilikuwa treni 70 mpya za umeme kutoka Hitachi, aina ya 385, seti 46 za mabehewa matatu na 24 za mabehewa manne. Zilitarajiwa mwishoni mwa 2017 kwa ajili ya njia ya Edinburgh na Glasgow iliyokuwa imetandazwa nyaya za umeme. Seti hizo zina mlango katikati ya uso, ili zikiunganishwa abiria aweze kupita, na kwa hiyo dereva amebakiwa na dirisha jembamba upande mmoja. Kioo chake kilikuwa kimepinda. Mchana hakuna aliyeona kasoro. Madereva walipozijaribu usiku, taa moja nyekundu ilionekana mara mbili au tatu, nyingine zikiwa kama zinaelea pembeni. Dereva anayekaribia makutano yenye ishara nne sambamba asingeweza kujua ipi ni yake na ipi ni kivuli. Mwanzoni mwa 2018 chama cha madereva kilisema wanachama wake hawataziendesha katika hali hiyo. Kioo kilichonyooshwa kilibuniwa, kikajaribiwa, kikafungwa, na seti ya kwanza ikabeba abiria tarehe 24 Julai 2018.

Kioo kimoja kilivuta mengine nyuma yake. Treni za zamani zilikuwa na tarehe za kurudishwa kwa wenyewe, baadhi zikingojewa na waendeshaji wa kwingine, kwa hiyo zikakodiwa kwa muda seti 10 kuukuu kutoka kusini mwa Uingereza. Mafunzo ya madereva yaliyopangwa kusambaa mwaka mzima yakabanwa katika miezi michache. Wakati huohuo treni 26 za mwendo kasi zilizokuwa zikikarabatiwa kwa ajili ya safari za kati ya miji zilichelewa karakanani, na baadhi zikaanza kazi bila ukarabati, zikiwa na milango ya kufungwa kwa mkono na vyoo vya kumwaga uchafu relini. Ratiba mpya ikaanza Desemba 2018 huku madereva na makondakta wengi bado hawajamaliza mafunzo, na kampuni, kama ilivyo desturi ya reli nyingi za Uingereza, ikitegemea watu kukubali kufanya kazi siku zao za mapumziko. Safari zikafutwa kwa wingi. Mwezi huohuo serikali ikatoa notisi ya kutaka mpango wa marekebisho, na Februari 2019 ikatoa ya pili, safari hii kuhusu kuridhika kwa abiria.

Kipimo cha kuchelewa nacho kina mitego yake. Treni ya mkoa huhesabiwa imewahi ikisimama stesheni zote zilizopangwa na kufika mwisho wa safari kabla ya dakika 5 kupita. Hata hivyo kuna kishawishi cha kuruka stesheni za katikati za treni iliyokwisha kuchelewa ili iwahi safari yake inayofuata, na ScotRail ililaumiwa sana kwa hilo: takwimu za safari inayofuata zinapona, abiria wa katikati anabaki jukwaani. Pia kila ucheleweshaji wa dakika 3 au zaidi hutafutiwa mwenyewe, awe ni mwendeshaji au mwenye reli, na fedha hufuata. Kilichofanya kazi vizuri zaidi kwa maoni yangu ni ukaguzi wa Uskoti unaoitwa SQUIRE: wakaguzi walitembea stesheni na ndani ya treni, wakaangalia taa, viti, matangazo, choo. Choo kilichofungwa kiliingia kwenye hesabu ya adhabu, bila mjadala wa nani alisababisha.

Nani anabeba kiti kitupu

Kuna mikataba ambayo mwendeshaji anabaki na nauli na kuomba ruzuku ya kujazia. Kuna mingine ambayo nauli yote inakwenda kwa mamlaka, naye analipwa kwa kilomita alizoendesha. Ya kwanza inamfanya atafute abiria, lakini uchumi ukidorora anazama kwa jambo lisilo mkononi mwake. Ya pili inamkinga na hilo, ila haimkingi na gharama. Abellio hiyohiyo, katika tawi lake la Ujerumani, iliomba ulinzi wa mahakama Juni 2021. Mishahara ya madereva na adhabu za ucheleweshaji unaotokana na ujenzi wa reli vilikuwa vimepanda kuliko fomula ya bei iliyoandikwa miaka mingi nyuma. Februari 2022 njia zake za jimbo la Nordrhein-Westfalen zilikuwa mikononi mwa wengine.

Afrika Mashariki tulilionja jambo hili kwa namna yetu. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda ilipokabidhiwa kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, mizigo ilipewa miaka 25 na abiria wa Kenya miaka 5 tu. Tarakimu hizo mbili peke yake zinaonyesha abiria walihesabiwa upande gani wa daftari. Tanzania mwaka 2007 ilichagua ubia, RITES ya India asilimia 51 na serikali 49, na haukufika miaka 5.

Mkataba wa Uskoti ulikuwa na kipengele cha kupanga upya hesabu za fedha baada ya mwaka wa tano. Desemba 2019 serikali ilikataa kuzipanga upya, na kukataa huko ndiko kulikofungua ule mlango wa mwaka wa saba. Tarehe 1 Aprili 2022 kampuni ya umma ikachukua treni. Kwingineko Uingereza sheria ya Novemba 2024 inarudisha mikataba mmoja mmoja kwa umma kadiri inavyokwisha.

Mwisho wa mkataba unapaswa kuandikwa siku ya kwanza. Mwendeshaji anayejua anaondoka haajiri dereva mwanafunzi, kwa sababu atakayefaidika ni mrithi wake, na anaahirisha ukarabati ambao hautamrudishia kitu. Kwa hiyo mkataba mzuri unadai idadi ya chini ya madereva walio mafunzoni hadi siku ya mwisho, hali ya kila treni ipimwe kabla ya kukabidhiwa, na faili la makabidhiano lihuishwe kila mwaka: orodha ya vipuri, mikataba midogo ya usafi na ulinzi, funguo za stesheni, nywila za mifumo ya tiketi, na fedha za tiketi za msimu zilizokwisha kulipwa kwa safari ambazo atakayezitoa ni mwingine.