Jiografia chuo kikuu: yanayosemwa mitaani na yaliyo kweli

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi hapa Moshi huniuliza: kijana akichagua Jiografia, ataishia wapi? Swali lenyewe limebeba dhana kadhaa zisizo sahihi.

"Ni somo la kukariri milima na miji mikuu."
Kwamba Kilimanjaro una mita 5,895, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Chuoni unaulizwa kwa nini Kibosho na Marangu hunyesha sana, ilhali ukizunguka mlima huohuo hadi Rongai mvua ni haba.

Au chukua maji ya Arusha. Wengi waliokulia kandokando ya Mlima Meru wana meno yenye madoa ya kahawia, na wapo wanaodhani ni uchafu. Sivyo hata kidogo. Ni floridi, inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuyeyuka majini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini chemchemi na visima kadhaa vya huko vinapita kiwango hicho kwa mbali. Tena visima viwili vya jirani huweza kutofautiana sana. Mwanajiografia hupima maji, hurekodi kila kisima kilipo, kisha huyalinganisha hayo na ramani ya miamba, mwinuko na makazi, ili halmashauri ijue pa kuchimba na pa kuacha. Mimi naona hiyo ni kazi ya kuokoa meno na mifupa ya watoto.

"Kazi yake ni ualimu tu."
Ualimu ni kazi ya heshima, na sipendi unavyotajwa kama adhabu. Lakini si mlango pekee. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapahapa Moshi, ikisimamia maji yanayogombaniwa na wakulima wa mifongo (mifereji ya asili ya kumwagilia) mlimani, mashamba ya miwa na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu na Hale. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana makao makuu Arusha. Hata Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilianza na ramani: nchi nzima iligawanywa kwanza katika maeneo ya kuhesabia.

"Mwanajiografia ndiye mpima viwanja."
Hapana. Upimaji ardhi ni taaluma nyingine yenye usajili wake. Anayeutaka aangalie Chuo Kikuu Ardhi.

"Ni kimbilio la wanaokwepa hesabu."
Takwimu utazikuta, na kompyuta pia. Anayemaliza bila kujua kuchora ramani kwa kompyuta hupata shida kwenye usaili, na hilo wazazi waambiwe mapema. Vifaa si kikwazo kikubwa: programu ya kuchora ramani iitwayo QGIS ni ya bure, na picha za setilaiti za Landsat zimekuwa bure tangu 2008. Kijana anayesubiri chuo anaweza kuanza wiki hii, akachora mifereji ya Pasua au Majengo hapa Moshi na kuona maji ya masika hutuama wapi.